Sukari inayoshuka: historia ya mutoto, kantini na kijiko

Hapa kwetu mutu akisema «niko na sukari», wote wanaelewa: sukari imepanda mu damu. Anaacha chai tamu, anakunywa dawa, na ku matanga hawamupatie tena soda. Lakini kuna sukari ingine, ile inayoshuka. Hiyo hatuiongelee, na inapenda sana watoto wadogo. Wanganga wanaiita hipoglisemi. Inaweza kumuangusha mutoto kwa dakika chache, na isipotunzwa inaweza kumuua ao kumuharibia ubongo. Na dawa yake ya kwanza iko mu karibu kila jiko la Kakanda: kijiko cha sukari.

Kama dawa iko karibu hivyo, sababu gani bado tunapoteza watoto? Hiyo ndiyo ulizo la andiko hili. Jibu langu ni hili: kwa miaka mia moja, akili ya kutunza sukari ya mutoto imekuwa inashuka ngazi. Ilitoka mu laboratware, ikafika ku hospitali, kisha fasi fulani ikafika mupaka kwa mama. Ngazi moja ingali inangojea, ngazi ya mutu anayeikala na mutoto asubui yote: mama mwalimu wa maternele.

Mimi si munganga. Nina lisansi ya agronomi, kazi yangu ni mahindi, maharagi na mihogo. Walimu wa maternele moja hapa Kakanda waliniita juu ya bustani yao ya lenga-lenga. Tulipomaliza kupima matuta, mama mwalimu mumoja akaniuliza kitu ambacho hakikuhusu matuta. Akasema: «Kaka, kuko mutoto anakuyaka na nguvu muzuri, kisha ku saa ine anaanza kutetemeka, jasho inatoka, anakuwa sawa mulevi. Tunamumwangia mai ku kichwa, tunaita muzazi, tunangojea. Je, tufanye nini?» Nilimupeleka kwa munganga ili ajibiwe vizuri. Lakini mimi mwenyewe nilianza kusoma, na nilichokuta ni historia ambayo inatuhusu kabisa, sisi watoto wa kambi za mugodi.

Mwili wa mutoto na hesabu ya saa

Tuanze na mwili. Ubongo unakula glukozi muchana na usiku. Tukiisha kula, maini inaweka akiba ya sukari inayoitwa glikojeni, na wakati hatule inaitoa kidogo kidogo. Mutu mukubwa mwenye afya anaweza kufunga chakula siku nzima na ubongo wake ukaendelea kupata chakula. Mutoto wa miaka 3 haiko sawa. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili wake, kwa hiyo ubongo unaomba mingi. Maini ni madogo, misuli ni kidogo, akiba inaisha mbio.

Katika mwaka wa 1964 wanganga wawili wa Marekani, Colle na Ulstrom, waliandika juu ya watoto wadogo, wengi wao wembamba, ambao wanaanguka asubui kisha usiku murefu bila chakula. Hawakuwa na kisukari. Hawakukunywa sumu. Akiba yao iliisha tu. Mara mingi jambo hilo linaonekana kuanzia karibu mwaka moja na nusu mupaka miaka 5, na mutoto akikomaa linamutoka. Wandugu, angalieni vizuri miaka hiyo: ndiyo miaka ya maternele.

Sasa fanya hesabu ya Kakanda. Mutoto anakula bukari saa 12 ya mangaribi. Analala. Asubui hakuna kitu ku nyumba, ao mama anawahi ku soko, ao baba ametoka usiku kwenda kuchimba. Mutoto anatembea mupaka ku masomo na tumbo tupu. Saa 4 ya asubui inafika: ni saa 16 bila chakula. Siseme kwamba kila mutoto ataanguka. Wengi hawaanguke. Lakini ule mwembamba, ule aliyeharisha jana, ule ambaye malaria imeanza kumuingia bila mutu kujua, huyo iko ku ukingo.

Toronto, 1922

Dunia ilijifunza sukari inayoshuka kupitia ile inayopanda. Mbele ya mwaka wa 1922, mutoto mwenye kisukari (diabete) alikuwa na njia moja tu: kunyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Ku Toronto, inchini Kanada, kikundi cha Banting, Best, Collip na Macleod kilitoa insulini ndani ya kongosho la wanyama. Tarehe 11 Januari 1922 walimupiga sindano ya kwanza Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Ile dawa ilikuwa bado chafu. Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari sindano ya pili ikafanikiwa.

Mu kipindi hicho Collip aliona jambo lingine. Sungura waliopewa insulini mingi walianza kutetemeka, wakaanguka, wakapigwa na mishituko sawa wenye kifafa. Aliwapiga sindano ya glukozi, wakaamuka. Hapo ndipo tunaanza kuona sura mbili za dawa hii: inaokoa, na ikizidi inaangusha. Mutu aliyepona ku hospitali na akarudishwa ku nyumba na insulini yake, sukari itashuka akiwa ku nyumba, ku masomo, mu muchezo, hapana mbele ya munganga.

Kwa hiyo akili ilipaswa kushuka ngazi. Munganga Elliott Joslin wa Boston alijulikana kwa sababu alifundisha wagonjwa wenyewe, na wazazi wa watoto: kupima, kula kwa saa, na kutambua alama za sukari inayoshuka. Katika mwaka wa 1932, kule Massachusetts, kambi ya Clara Barton ilifunguliwa kwa ajili ya wasichana wenye kisukari. Watoto wangeweza kucheza mbali na wazazi, kwa sababu waliowachunga walijua ugonjwa wao. Hilo ndilo somo la kwanza: mutoto anakuwa huru wakati mutu mwenye kuwa naye karibu anajua la kufanya.

Kantini ya kampuni

Tutoke Toronto, turudi huku Katanga, mu miaka ileile. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Mwanzoni ililetesha wanaume kutoka mbali, wakatumika miezi, wengi wakagonjwa na wengi wakakufa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa yake: mufanyakazi aishi ku kambi na bibi yake na watoto, akae miaka mingi. Munganga Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa kati ya wakubwa wa siasa hiyo, na mwaka wa 1946 alitoa kitabu kinachosifu miaka 20 ya kazi ile.

Ku Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville, na ku kambi zingine za kampuni, mutoto akawa kitu cha kuhesabiwa. Alizaliwa ku materniti ya kampuni. Alipimwa uzito. Alipikiwa ku kantini ya watoto. Masa-sera walimuangalia. Wazee wetu wengi walikulia mu mupango huo, na tusiseme uongo: uliokoa maisha. Mutoto anayekula kwa saa yake hapate sukari ya kushuka kwa urahisi. Kantini ilikuwa dawa hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Lakini tuangalie namna ilifanywa. Kwa kampuni, mutoto alikuwa mufanyakazi wa kesho. Mama alipewa amri na hakupewa sababu. Aliambiwa: leta mutoto, ngojea hapa, muzani iko kule, kesho rudia tena. Uzito uliandikwa mu kitabu cha kampuni. Chakula kilipimwa na kampuni. Saa ya kula ilijulikana kwa kengele. Mama alijua kwamba lazima kutii. Kwa nini mutoto mudogo hapaswe kukaa na njaa asubui nzima, hilo halikufika kwake.

Kisha uhuru, mugodi ukawa wa serikali mwaka wa 1967, na baadaye ukaitwa Gécamines. Mupango ukaendelea: posho, hospitali, masomo. Kakanda ilikuwa moja ya miji hiyo ya Gécamines, na watu wakubwa hapa wangali wanaongelea posho kama vile mutu anaongelea mama yake. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka wa 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka wa 2003, katika mupango wa «départs volontaires», wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa na pesa ya mara moja.

Kantini ilifunga. Na ilipofunga, ilienda na akili yake. Hapa ndipo ninataka tusimame kidogo, wandugu. Tunapenda kusema kwamba kampuni ilipoanguka tulipoteza chakula. Ni kweli. Lakini tulipoteza pia sababu ya kile chakula, kwa sababu sababu ile haikuwekwa mu kichwa cha mama. Iliwekwa mu kabati la ofisi. Bibi anaweza kukumbuka muzani na kengele. Hawezi kukufasiria juu ya nini mutoto alipaswa kula mbele ya kucheza. Hawakumuambia.

Kivu na Kampala

Mahali pengine mambo yalienda tofauti. Munganga wa kike Cicely Williams alitumika ku Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka wa 1933 aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wanaovimba, wenye ngozi inayobabuka, na mwaka wa 1935 akatoa kwa wanganga wa dunia jina ambalo watu wa kule walitumia katika luga ya Kiga: kwashiorkor. Alisikiliza wamama, na jina lenyewe lilikuwa linamufasiria: ni ugonjwa wa mutoto anayeachishwa ziwa wakati mwingine anazaliwa. Kule Kivu yetu watu waliuita bwaki.

Wanganga walipoanza kutunza watoto hawa, walikuta jambo la kuhuzunisha: mutoto anafika hospitali akiwa hai, kisha anakufa mu siku za kwanza, mara mingi usiku ao karibu na mapambazuko. Sukari inashuka, mwili unakuwa baridi, na hakuna aliyeamuka kumulisha. Leo, mu kitabu cha OMS cha mwaka wa 1999 juu ya watoto wenye utapiamulo mukali, hatua za kutunza ni kumi. Ya kwanza kabisa ni sukari. Kipimo ni milimoli 3 kwa litre, ndiyo miligramu 54 kwa desilita. Chini ya hapo mutoto iko mu hatari. Anapewa mililita 50 za maji yenye sukari ya asilimia 10, kisha anakula kila saa mbili, muchana na usiku. Fikirieni: mbele ya dawa zote, sukari na saa.

Ku Kampala, pembeni ya hospitali ya Mulago, katikati ya miaka ya 1960 kulifunguliwa kituo kinachoitwa Mwanamugimu. Katika Kiganda jina hilo linaongelea mutoto mwenye afya. Tofauti yake na kantini yetu ni hii: mama hakuleta tu mutoto apimwe na apikiwe. Mama mwenyewe alipika. Aliona kwa macho yake namna mutoto anarudia kucheka kwa chakula kinachopatikana mu shamba lake. Walifundishwa kitobero, mchanganyiko wa chakula cha nguvu kama ndizi ya kupika, pamoja na maharagi, karanga ao samaki, na mboga. Alipotoka pale, kituo kilibaki Kampala, lakini akili ilienda naye ku kijiji.

Uganda ilipita vita na taabu mingi kisha hapo, na kituo kile kiliendelea. Akili iliyo mu vichwa vya wamama haifungwe na mutu anayefunga mulango wa ofisi.

Malaria na kijiko chini ya ulimi

Kuna mulango mwingine ambao sukari inapitia kushuka, na huu tunaujua sana: malaria. Katika mwaka wa 1983 wanganga waliotumika Thailandi walionyesha kwamba kinini, dawa yetu ya zamani, inasukuma kongosho kutoa insulini mingi, na sukari inaanguka. Kisha, mu miaka ya 1980, ku Malawi na Gambia, waliona kwamba watoto wenye malaria kali wanafika hospitali na sukari chini hata mbele ya kupewa kinini. Malaria yenyewe inakula sukari, na mutoto mwenye homa anakataa chakula.

Mwaka wa 2010 uchunguzi mukubwa, wenye jina AQUAMAT, ulitoka. Ulifanywa mu inchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa ndani, pamoja na Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto 5,425 wenye malaria kali. Kati ya waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, kati ya waliopewa kinini asilimia 10.9. Na sukari kushuka ilikuwa kidogo zaidi upande wa artesunate. Tangu wakati ule dawa ya malaria kali ilibadilika.

Lakini mutoto yule anatoka Kakanda na anapaswa kufika ku hospitali kwanza. Njiani sukari inaendelea kushuka. Ndiyo maana ninapenda sana kazi iliyofanywa Burkina Faso na Mali mu miaka ya 2000. Wanganga waliuliza: kama hakuna serumu, hakuna sindano, je, sukari ya jikoni chini ya ulimi inaweza kusaidia? Ilisaidia wengi. Kijiko cha sukari iliyolowanishwa na matone ya maji, ikiwekwa chini ya ulimi na kurudiliwa, ilipandisha sukari mu damu. OMS nayo iliingiza njia hiyo mu maelekezo yake, kwa fasi ambapo mushipa hauwezi kupatikana upesi. Ni njia ya kumufikisha mutoto kwa munganga akiwa hai. Haichukue nafasi ya munganga.

Mutoto aliyelala bila kula

Mufano wa mwisho unatoka mbali, India, lakini wenzangu wa agronomi watauelewa haraka. Mu eneo la Muzaffarpur, kila mwaka wakati wa mavuno ya tunda la lichi, watoto wenye afya waliamuka alfajiri na mishituko, na wengi walikufa. Watu walisema ni virusi, wengine walisema ni joto. Mwaka wa 2014 uchunguzi ulifanywa, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2017. Sukari yao ilikuwa chini kabisa. Lichi ina kemikali zinazozuia maini kutengeneza sukari. Lakini watoto wengi wanakula lichi na hawagonjwe. Tofauti ilikuwa chakula cha mangaribi: mutoto aliyeshinda mu mashamba ya lichi na kulala bila kula, huyo ndiye aliyekuwa mu hatari kubwa zaidi.

Shauri lililotolewa kwa wazazi lilikuwa fupi: mutoto asilale bila kula, na asikule lichi mingi. Kwa vituo vya afya: pima sukari mara moja, rudisha sukari mara moja. Nakumbuka nilisoma hilo na kufikiria nyumba ngapi za kwetu zinamuambia mutoto «lala tu, kesho tutakula».

Ngazi ya mwisho

Hata upande wa kisukari chenyewe, mambo yanabadilika Kongo. Tangu 2009 programu ya Changing Diabetes in Children imesaidia watoto wa inchi kadhaa za Afrika, na yetu pia, kupata insulini bila kulipa. Ni jambo la furaha. Lakini mutoto mwenye insulini sasa anaishi, anakua, na anakwenda ku masomo. Asubui mama amemupiga sindano. Saa 4 mutoto anakimbia sana mu lupango, hajamaliza uji wake. Nani yuko naye? Hapana munganga. Hapana mama. Ni mwalimu wa maternele mwenye watoto 40 mbele yake.

Kwa hiyo, wandugu, haya ndiyo mambo ambayo kila mwalimu wa maternele anapaswa kujua. Nimeyapitisha kwa munganga mbele ya kuyaandika.

Alama: mutoto anatetemeka, anatoka jasho ya baridi, anapauka, anashikwa na usingizi wa gafla, analia ao anakasirika bila sababu, macho yanapotea, miguu haimubebe, anaongea vitu visivyoeleweka. Mwishowe mishituko ao kuzimia. Mutoto wa miaka 3 hatakuambia «sukari yangu imeshuka». Atakuambia «tumbo», ao hatasema kitu.

Kama iko macho na anaweza kumeza: muikalishe, mupe sukari mara moja. Kwa mutoto wa kilo karibu 15, kijiko kimoja cha chai cha sukari, ndani ya maji kidogo, kinatosha kuanza. Soda ya sukari ao juisi tamu pia inafaa. Soda «zero» haisaidie hata kidogo. Ngojea dakika 10 mupaka 15. Asipokuwa muzuri, rudilia. Akiamuka vizuri, mupe chakula cha kweli: mukate, uji, ndizi. Sukari peke yake inaisha mbio.

Kama amezimia ao ako na mishituko: usimumwangie kitu mu kinywa, itaingia mu mapafu. Mulaze ubavu. Mishituko ikiisha na akiwa bado hajaamuka, chukua sukari iliyolowanishwa kidogo, uiweke kidogo kidogo chini ya ulimi ao ndani ya shavu, na muende hospitali. Endelea kurudilia njiani. Usingojee muzazi afike kwanza.

Mambo matatu ya kila siku: usimuache mutoto peke yake ao kumutuma nyumbani peke yake; mwenye kisukari usimupige insulini wakati sukari iko chini; na hata kama ameamuka, mwenye homa apimwe malaria siku ileile. Mutoto asiye na kisukari aliyeanguka hivyo aonwe na munganga, kwa sababu kuna kitu nyuma yake.

Na maji ya baridi ku kichwa? Hayapandishe sukari. Maombi yafanywe, siyakataze. Lakini yafanywe wakati kijiko kiko mu mukono. Wale wanaosema ni uchawi, waambieni uchawi gani huu unaoshindwa na sukari ya franka chache.

Kazi yetu

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali yanasemekana ni ya bure. Maternele haimo mu mupango huo. Inaishi kwa pesa ya wazazi, na mahali pengi haina hata sanduku la dawa. Lakini angalieni mambo tunayoongelea hapa: nusu kilo ya sukari mu kopo lenye kifuniko, kijiko, kikombe, maji safi, karatasi moja ku ukuta yenye alama na namba ya simu ya kituo cha afya, na daftari ambalo muzazi anaandika kama mutoto wake ako na kisukari ao ugonjwa mwingine. Hakuna kitu pale ambacho kinangojea mufadili.

Kuna na upande wetu wa shamba. Uji wa mahindi wenye unga wa karanga ao soja kidogo, saa 3 ya asubui, unabadilisha hesabu ile ya saa 16. Mutaro moja wa karanga ku kila bustani ya masomo, mistari ya maharagi, muti wa papai pa mulango: hayo ni kazi ambayo lisansi yetu inatosha kabisa. Wazazi wakileta kopo moja ya unga kila juma, kantini inaanza tena. Lakini mara hii wamama wapike wenyewe, wajue sababu, na sababu ibaki kwao. Tusijenge tena kantini ambayo ikifungwa inaenda na akili yetu.

Ninaomba kitu kimoja kwa kila mwenye kusoma hapa, iwe uko Kakanda, Kambove, Fungurume, Likasi ao Lubumbashi. Wewe wa udaktari ao uuguzi, chagua maternele moja ya kartie yako na uende pale asubui moja, saa moja inatosha. Wewe wa ualimu, fungua mulango. Wewe wa agronomi, leta mbegu za karanga. Wewe mwanafunzi ambaye hauna bado kitu mukononi, andika ile karatasi ya alama kwa Kiswahili ambacho mama mwalimu anakisoma bila taabu, na uibandike.

Kutoka kwa sungura wa Collip mupaka leo ni zaidi ya miaka mia moja. Kutoka ku hospitali yetu mupaka ku maternele ya karibu, hapa Kakanda, ni mwendo wa miguu. Twende.